Jina la Mwenye Punda

Mama mkwe wangu hakuwapenda punda. Alisema punda ni mgeni anayekula kwako miaka yote, na siku ukimpa mgongo anakupiga teke. Kila asubuhi, alipokuwa akimfunga madumu yule punda jike wa kijivu, alimtukana kwanza, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesali. Kwa hiyo punda yule alipopotea nilidhani angalau masikio yetu yatapumzika. Wapi! Alikaa mlangoni asubuhi nzima, ugoro mkononi bila kuunusa, akiangalia njia. Nikajua hapo tuna shida.

Ilikuwa miaka ile ya mashamba makubwa ya ngano ya serikali. Mimi ni mtu wa Maretadu, huko juu Mbulu, kwenye mahindi na maharage na kengele ya kanisa. Niliolewa huku chini, kwenye tambarare za Hanang, kwa wafugaji. Wenzangu wa kwaya walinicheka sana: eti nitavaa ngozi, nitapaka samli kichwani, nitasahau kusoma. Sikuvaa ngozi na sikusahau kusoma. Samli nilipaka, kwa sababu upepo wa huku hauna huruma na mtu.

Ngano ilianzia pale ulipoishia ua wetu wa miiba. Ukipanda juu ya kichuguu uliona ngano, na nyuma yake ngano, na mbali kabisa trekta dogo linatimua vumbi. Malisho yote mazuri yalikuwa humo ndani, yamegeuka mkate wa watu wa mjini. Mume wangu na ndugu zake walikuwa wamehamisha ng'ombe kuelekea Singida kutafuta majani, wakasema watarudi mvua ikinyesha. Nyumbani tulibaki mama mkwe, mimi, mwanangu aliyekuwa bado ananyonya, na mbuzi wachache. Na kaburi.

Lazima nieleze habari za kaburi, maana bila hiyo mtu atadhani tulitembea mpaka Endasak kwa ajili ya punda tu. Baba mkwe wa mama mkwe wangu, yaani babu wa mume wangu, alikuwa mzee mkubwa wa ukoo. Mzee wa namna hiyo, kwa watu wale, hazikwi hivi hivi. Wanamjengea kilima cha udongo na samadi, ukoo wote unakuja, watu wanakandika kwa miezi, na kilima kinabaki pale kwa heshima yake. Chake kilikuwa nje kidogo ya ua wetu, na ngano ilikuwa imekizunguka pande tatu. Mvua ikikibomoa, mama mkwe alikikandika upya. Madereva wa trekta walikikwepa, kwa sababu kando yake palikuwa na nyumba inayotoa moshi na mwanamke mzee anayesimama njiani na fimbo. Majirani zetu walipohama, mwaka uliofuata makaburi ya wazee wao yalikuwa ngano. Sisemi dereva alikuwa na roho mbaya. Ukiwa juu ya trekta, kilima kisicho na mtu ni kilima tu.

Sasa maji. Njia yetu ya zamani ya kwenda bwawani ilikuwa imelimwa, ikabidi kulizunguka shamba lote. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na dumu moja kichwani, na hapo nguvu zangu zilikuwa zimefika mwisho. Maji ya kunywa ningeyaleta. Ya mbuzi, ya kupikia, ya kuchanganyia udongo wa kukandika, hayo yote yalibebwa na punda. Shemeji yangu mkubwa, aliyekuwa na nyumba ya bati Katesh, alishasema wazi kwamba siku mama atakaposhindwa na maji atamchukua akakae naye mjini, na hataki kusikia neno lingine. Alisema kwa upendo, na angefanya kweli. Bila punda, mama mkwe angeondoka. Akiondoka, kilima kingelimwa. Ndicho kilichokuwa kinamkalisha mlangoni.

Wiki chache baadaye habari tulizipata mnadani Balangdalalu. Mama mmoja muuza vitunguu alituambia kwamba karibu na Endasak kuna mzee ana hospitali ya punda.

"Hospitali!" mama mkwe alisema. "Ya punda! Na sisi tunajifungulia sakafuni."

Mama wa vitunguu akaapa kwa macho yake mawili. Punda waliogongwa na mashine, waliokatwa na waya, waliochakazwa na mizigo wakatupwa na wenyewe, mzee huyo anawaokota na kuwatibu. Alimwona huko mmoja wa kijivu, jike, sikio lina mikato, akatueleza mikato yenyewe ilivyo. Ilikuwa alama yetu. Akaongeza kwamba wasiokuja kuchukuliwa wanapakiwa kwenye lori Ijumaa, wanapelekwa Mbulu kwa familia zilizoomba. Mama mkwe alisikia neno lori, yale mengine hakuyangoja. Kesho yake kulipopambazuka tulikuwa njiani, mwanangu mgongoni, mama mkwe mbele, anatembea utadhani miguu yake ni ya mtu mwingine.

Tulifika jua likiwa limepanda. Pale Endasak mlima unakaa juu ya kichwa chako, na hewa inanukia maharage mabichi. Niliwaza nitaona vurugu. Nilichokikuta ni ua mkubwa wa miti, banda la mabati upande mmoja, birika la saruji la maji, na harufu ya dawa ya kuogeshea mifugo. Kulikuwa kimya. Nilikuwa sijawahi kuona punda wengi mahali pamoja bila mtu wa kuwapigia kelele. Walisimama tu wawili wawili, kila mmoja ameweka kidevu juu ya mgongo wa mwenzake.

Mwenye mahali pale alikuwa bwana mifugo mstaafu, mtu wa kusini kabisa ya nchi, aliyeletwa huku na kazi akazeekea huku. Mrefu, mwembamba, kofia ya pama, buti za mpira. Parokia ilimpa kiwanja na mengine alijitafutia. Alimsalimia mama mkwe shikamoo kabla sijafungua mdomo, na mama mkwe alifurahi mpaka akasimama wima, kwa sababu watu wenye buti kwa kawaida walimsemesha kama mtoto. Nami nikampa shikamoo yake.

"Marahaba, binti. Mmekuja kutazama au kuchukua?"

"Kuchukua," mama mkwe alisema.

"Mtatazama kwanza. Hapa kila mtu anatazama kwanza."

Ndivyo alivyofanya kazi. Hakumkabidhi mtu punda kabla hajamzungusha uani, amwone kila mnyama na kusikia yaliyompata. Nilikuwa na njaa, mtoto ananisumbua, na sikuwa na hamu ya mahubiri. Lakini hakuhubiri. Alisema tu, kwa sauti ile ile, kama anasoma matangazo ya misa.

"Huyu alibebeshwa magunia bila kuwekewa kitambaa chini. Mgongo wote ulikuwa kidonda." Manyoya yaliyoota tena yalikuwa meupe, mstari mmoja mpana kutoka mabegani mpaka kiunoni.

"Huyu haoni. Na huyu wa pembeni yake anaona. Ukimtoa huyu, yule anaacha kula. Kwa hiyo wataondoka wote, au hataondoka hata mmoja."

"Huyu hataki wanaume. Dawa anapakwa na mke wangu. Mimi nikisogea, anavunja ua."

"Ana akili," mama mkwe alisema, na mzee akacheka mpaka kofia ikasogea.

Aliyefuata hakutuchekesha. Alikuwa mdogo, masikio yamebaki vipande, ngozi ya ubavuni imekunjamana bila unywele. Walichoma mabua baada ya mavuno, bwana mifugo alisema, na hakuna aliyejua kwamba kuna punda ndani. Mama mkwe alisimama hapo muda mrefu. Akaniuliza kwa lugha yao, nikatafsiri: anataka kujua kama bado anaumia.

"Siku hizi hapana. Ila moshi. Mke wangu akiwasha jiko, anahamia upande wa pili wa ua mpaka tumalize kula."

Mama mkwe alivua ushanga mmoja mkononi, akaangalia pa kuufunga, akakuta pale palipokuwa na sikio hapafungiki kitu, akaurudisha mkononi. Mimi nilitazama mlima. Kuna vitu mtu unaviangalia kidogo kidogo, la sivyo huli siku hiyo.

Wa kwetu alikuwa mwisho, kwenye kivuli cha banda. Mguu wa nyuma ulikuwa na mshono mrefu uliopakwa dawa ya zambarau. Alifuata mabua shambani akakatwa na haro, zile sahani za chuma zinazoburutwa na trekta. Alikuwa amenenepa. Alituangalia, akafikiri kidogo, akatugeuzia matako.

"Ni yeye," mama mkwe alisema. "Hiyo salamu ni yake."

"Vizuri," mzee alisema. "Na hii alama ya sikio ni ya nani?"

"Ya kwetu."

"Kwenu mko wengi, mama. Mwenye alama ni nani? Jina lake."

Mama mkwe akanitazama. Mimi nikamtazama punda. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kwa watu wale, mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake, wala la wazee wa mume wake. Hataji akiwa na hasira, hataji akisali, na mzee akifa ndiyo kabisa. Alama ya sikio ilikuwa ya yule mzee wa kilimani, na alipokufa hakuna aliyeibadilisha. Punda wote wa nyumba ile walikuwa wake, kwa jina lake, ambalo wanawake waliowafunga madumu kila siku hawakuruhusiwa kulisema. Nami niliingia humo humo. Wiki ya arusi mume wangu aliniambia jina lile, kwa kunong'ona, ili nijue ni lipi la kukwepa. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Mtu anakufundisha neno ili usiliseme!

"Msidhani nawasumbua bure," bwana mifugo alisema. Alitueleza kwamba zamani alikuwa akimpa mtu punda kwa maelezo tu. Akaja bwana mmoja mwenye maneno matamu, akaeleza rangi, kwato, mpaka tabia. Baadaye mzee alimkuta punda yule yule amekufa kando ya barabara ya Katesh, bado amefungwa mzigo. Tangu hapo, punda akiletwa, anauliza wachungaji alama ni ya nani, jina analiweka kichwani mwake, na anayekuja kuchukua lazima alitaje. Alisema njia hiyo haijamwangusha hata mara moja.

Nikamweleza ile mila. Nilieleza vizuri, kwa Kiswahili changu cha darasani. Akatingisha kichwa.

"Kila anayekuja ana sababu, binti. Mmoja ana kiapo, mwingine ana msiba, mwingine amesahau."

"Basi taja wewe, yeye akubali au akatae."

"Nikitaja mimi, kuuliza kuna maana gani?"

"Taja mengi, na hilo liwemo."

Alifikiri. "Atajua kwa sauti yangu. Mimi kudanganya sijui."

"Ebo! Sasa tufanye nini?"

"Mleteni mwanaume wa familia."

"Wako Singida na ng'ombe." Shemeji wa Katesh sikumtaja; angejua punda amepotea, angemchukua mama siku hiyo hiyo.

"Mtoto je? Mjukuu wake anaruhusiwa?"

Mjukuu anaruhusiwa. Vitukuu pia. Tukageuka wote watatu tukamwangalia mwanangu. Mtu pekee pale mwenye ruhusa ya kulitaja jina alikuwa mgongoni kwangu, hana jino hata moja, anafyonza pindo la kanga.

Mzee akanigeukia mimi. "Wewe si wa kabila hili. Umesoma, nimekusikia. Shingoni una rozari. Taja tu, jioni mtakuwa mbali."

Mama mkwe alielewa. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi, lakini hilo alilielewa. Alitembea mpaka kwenye birika la maji, akatupa kisogo, akavuta shuka juu ya kichwa, akaibana masikioni kwa mikono yote miwili. Kama alikuwa ananiruhusu au anajikinga, sijui. Sikumuuliza, na yeye si mtu wa kueleza.

Nilikuwa nalo mdomoni. Ni jina fupi, la kawaida kabisa, hata kule Maretadu wapo wanaoitwa hivyo. Nikafikiria dumu. Nikafikiria shemeji anavyokuja na maneno yake ya upole kumbeba mama yake. Nikafikiria trekta. Nikajiambia, wewe mtoto wa kanisa, hii si dhambi, hakuna padri aliyekukataza, sema mwende nyumbani. Nikafungua mdomo.

Halikutoka. Nilisimama pale kinywa wazi mpaka mate yakakauka. Sijui liliingia lini ndani yangu, labda kidogo kidogo, pamoja na ile samli. Nilikasirika sana. Nilimkasirikia yeye na buti zake, nilimkasirikia mama mkwe na mgongo wake, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe.

"Siwezi," nilisema.

"Huwezi au hulijui?"

"Nimesema siwezi!"

Mtoto akashtuka akaanza kulia, na punda wote uani wakasimamisha masikio kwa pamoja. Bwana mifugo akavua kofia, akafuta jasho, akaivaa tena. Alionekana kuumia na yeye. Lakini alibaki amesimama pale pale, mkono juu ya mgongo wa punda wetu.

"Basi, binti," alisema. "Ijumaa lori linakuja."

Mama mkwe alirudi, akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia sikusema. Hakunisifu, hakunishika mkono, hana mambo hayo. Alichukua ugoro, akanusa, akapiga chafya, akamgeukia bwana mifugo kwa Kiswahili chake cha chumvi.

"Mwenye punda yuko nyumbani."

"Yuko?"

"Yuko. Hatembei. Wewe una miguu. Twende umuulize mwenyewe."

Nikauma mdomo. Mzee akauliza kama ni mgonjwa. Mama mkwe akasema hapana, si mgonjwa. Ni mzee sana? Sana, akasema, sana kabisa. Neno kwa neno, hapakuwa na uongo. Bwana mifugo alikuna kidevu. Kumbe alikuwa na tabia ya kuwafuata baadhi ya punda wake mpaka walikokwenda, aone wanalala wapi.

"Kesho asubuhi," alisema. "Punda atakuja na sisi. Nikiona si kweli, anarudi na mimi, na msinililie."

Mke wake alitupa ugali na maharage, akatutandikia ngozi jikoni, na asubuhi tukaondoka. Mzee mbele na kamba, punda katikati bila mzigo, anachechemea kidogo penye mawe, mama mkwe nyuma. Njia nzima hakumtukana yule punda. Hata aliposimama kula majani ya watu, hata alipotuchafulia njia, kimya. Ndipo nilipojua kwamba anaogopa.

Tulipokuwa tumeshateremka, mlima uko nyuma yetu, bwana mifugo alinipunguzia mwendo nikamfikia.

"Binti, waongo wote waliowahi kuja kwangu walitaja jina," alisema. "La kubuni, lakini walitaja. Mama yako ndiye wa kwanza kukosa hata la kubuni. Ndiyo maana natembea juani na umri huu."

Nilitaka kumwambia ukweli hapo hapo. Nilimtazama anavyonyanyua zile buti, mtu mzima, jasho limelowanisha mgongo wote wa shati, anakwenda kumsalimia mzee ambaye hayupo. Lakini nikiusema angegeuza. Nikampa kibuyu cha maji anywe.

Tulifika mchana umeshageuka. Mama mkwe akapita mbele yetu. Hakuingia uani. Alipita nyumba, akapita ua wa mbuzi, akaenda mpaka kwenye kilima, akasimama.

"Huyu hapa," alisema. "Muulize."

Bwana mifugo alisimama na kamba mkononi. Aliangalia kilima, udongo wake wa juu bado una alama za vidole vya mama mkwe. Aliangalia mabua ya ngano yaliyotuzunguka, na njia za magurudumu zilizokuja moja kwa moja kutoka mbali, zikafika pale, zikapinda. Akaangalia nyumba yetu, peke yake. Kisha akaniangalia mimi, nami nikaangalia miguu yangu. Nilingoja akasirike. Ningekuwa yeye ningekasirika, na matusi ningetoa.

Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee," alisema, na akalitaja jina. Alilitaja zima, la kwake na la baba yake, kwa lafudhi yake ya kusini iliyolipinda katikati. "Nimekuletea punda wako. Mguu umepona. Asibebe kitu mpaka mwezi mwingine uandame, waambie watu wako." Akaiweka kamba chini, mbele ya kilima, kwa mikono miwili.

Mama mkwe alikuwa amejifunika shuka kichwa kizima. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikasema moyoni tayari, tumemkosea mama mkwe, jina limesemwa mbele yake na mgeni, sasa hatakaa hapa tena. Nikamsogelea, nikamshika kiwiko.

"Mama. Mama, nisamehe. Yeye ni mgeni."

"Mwambie arudie," alisema ndani ya shuka.

"Arudie nini, mama?"

"Wanaume wote wameondoka, mmoja mjini, wengine na ng'ombe. Tangu waondoke hakuna mtu wa kumwita. Mimi namkandika tu, namkandika, simwiti." Alikuwa analia waziwazi sasa, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akilia. "Mwambie mgeni arudie."

Nilimwambia. Bwana mifugo alinitazama, akamtazama yeye, akageuza uso kwenye shamba la ngano, akalirudia jina kwa sauti kubwa.